Kijana Aliyevuta Vazi la Socrates

Kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri kinaanza kwa matembezi. Socrates ameteremka bandarini Piraeus pamoja na rafiki yake Glaucon kufanya ibada na kutazama sherehe ambayo wenyeji wanaiadhimisha kwa mara ya kwanza. Dua zimekwisha, maandamano wameyaona, wanageuza njia warudi zao Athens. Kwa mbali Polemarchus anawaona. Anamtuma mtumwa wake, kijana mdogo, akimbie awazuie. Kijana anakimbia, anamfikia Socrates kwa nyuma, anashika vazi lake na kusema kwamba bwana wake anaomba wamngoje. Wanangoja. Wanachukuliwa hadi nyumbani, wanamkuta mzee Cephalus, baba wa Polemarchus, amekaa, na mazungumzo yanaanzia kwenye uzee, yanaingia kwenye mali, kisha yanafika kwenye swali moja ambalo halitaachwa tena mpaka mwisho wa kitabu cha kumi: haki ni nini?

Kijana yule haonekani tena. Jina hana. Watu wazima wanazungumza juu ya haki kwa saa nyingi na hakuna anayemgeukia kumuuliza yeye anaonaje.

Mimi nilimaliza shahada ya kwanza bila kumjua kijana huyu. Katika chuo nilichosoma, Plato alikuwa desa la kurasa nne. Lilikuwa limepigwa fotokopi juu ya fotokopi hata maneno ya pembeni yamekatika, na waliotutangulia walikuwa wamelitumia hilohilo. Juu yake palikuwa na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, chini yake nadharia tatu, na chini kabisa "udhaifu wa nadharia" kwa nukta tano. Nukta ya pili ilisema Plato aliunga mkono matabaka. Niliikariri, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama. Sikujua jambo hilo alilisema wapi, alimwambia nani, wala kama kuna aliyembishia. Kitabu chenyewe nilikiona miaka kadhaa baadaye kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandaza mali yake kwenye turubai kando ya barabara. Nilianza kukisoma nimesimama. Nilipofika pale kijana anapovuta vazi nilikifunga, nikalipa, nikaondoka nacho.

Hasira niliyokuwa nayo njiani siku ile ndiyo inayoniandikisha makala haya. Chuo kinachofundisha fikra za Magharibi kwa madesa hakimpi mwanafunzi fikra hizo, wala hakimpi uwezo wa kuzipinga. Kinampa majina ya kutaja mbele za watu. Mtu aliyesoma kwa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya Plato akamwambia "hapa umekosea", kwa sababu hapo penyewe hajawahi kupaona.

Wapo waliochagua njia nyingine, na njia yao inafaa kutazamwa kwa makini. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, somo la lazima juu ya ustaarabu wa kisasa, na mwaka 1937 kikaongeza jingine la fasihi kuanzia Homer. Mpaka leo masomo hayo yapo. Anayesomea fizikia na anayesomea uchumi, wote wanakaa kwenye madarasa madogo ya watu ishirini na kitu, na kila mmoja anatakiwa awe amesoma kitabu kabla ya kuingia.

Chuo cha St. John's kilichopo Annapolis kilikwenda mbali zaidi. Mwaka huohuo wa 1937 kiliamua kwamba shahada nzima, miaka yote minne, itakuwa ni kusoma vitabu vikuu. Hakuna kuchagua fani. Walimu hawatoi mihadhara. Jumatatu na Alhamisi usiku wanafunzi wanaizunguka meza moja, mwalimu anauliza swali la kufungulia, na baada ya hapo mazungumzo ni yao, vitabu vikiwa wazi mbele yao. Anayedai jambo anaonyesha ukurasa.

Hata hisabati inasomwa hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaitwa ubaoni athibitishe hoja ya kwanza ya Euclid, aliyeandika takriban miaka 2300 iliyopita: umepewa mstari, chora juu yake pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Unachora duara kutoka ncha moja ya mstari, nusu kipenyo chake kikiwa urefu wa mstari huo, unachora nyingine vilevile kutoka ncha ya pili, na pale duara zinapokatana ndipo ilipo kona ya tatu. Inaonekana rahisi, mpaka mwenzako mmoja anapouliza: tunajuaje kwamba duara hizi mbili zitakutana? Darasa zima linarudi kitabuni. Euclid hakulithibitisha jambo hilo. Amelichukua tu. Ni pengo la kweli, na wanahisabati walikuja kulishughulikia ipasavyo katika karne ya 19. Kijana wa miaka kumi na minane ameligundua kwa kukaa na maandishi yenyewe na kukataa kusukumwa. Hakuna desa la "mchango wa Euclid katika jiometri" litakalomfikisha hapo.

Msomaji aliyekaa darsani msikitini atakuwa ameshaitambua sura hii. Katika mji kama Lamu kusoma kitabu maana yake ni kukaa mbele ya sheikh, kitabu kikafunguliwa mwanzo, kikapitiwa mstari kwa mstari, neno likasimamishwa likaulizwa, mpaka siku kitakapokhitimishwa. Hakuna anayesema amekisoma kitabu kwa sababu amesikia muhtasari wake. Desturi hiyo ilikuwa yetu kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika pwani hii, na tulipojenga vyuo vikuu tuliiacha nje ya mlango.

Sasa nije kwenye shtaka, maana lipo, na ni zito. Vitabu vikuu kwa nani? Mwaka 1952 Robert Hutchins, aliyewahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Chicago, na mwenzake Mortimer Adler walitoa mkusanyo mkubwa wa Vitabu Vikuu vya Ulimwengu wa Magharibi: juzuu 54, waandishi 74. Katika hao 74 hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hapakuwa na mwandishi mweusi. Toleo la pili la mwaka 1990 liliongeza wanawake wachache, Jane Austen na Virginia Woolf wakiwemo, lakini mwandishi mweusi bado hakuwemo, ingawa W.E.B. Du Bois alikuwa amechapisha The Souls of Black Folk tangu mwaka 1903. Ukisimama mbele ya maktaba kuu ya Columbia utaona majina yaliyochongwa juu ya nguzo: Homer, Herodotus, Sophocles, Plato, Aristotle, Demosthenes, Cicero, Vergil. Mwaka 1989 wanafunzi walitundika juu ya majina hayo bango refu lenye majina ya waandishi wanawake. Huko Stanford, mwaka 1987, wanafunzi waliandamana pamoja na mwanaharakati Jesse Jackson kulipinga somo la lazima la utamaduni wa Magharibi, na mwaka uliofuata chuo kilipiga kura kulibadilisha.

Walioshtaki walikuwa na haki. Orodha ikitengenezwa na watu wa aina moja, halafu ikaitwa akili ya binadamu wote, hiyo ni dhuluma, na dhuluma haipungui kwa sababu vitabu vyenyewe ni vizuri. Columbia siku hizi wanamsoma Du Bois, wanamsoma Frantz Fanon, wanamsoma Mary Wollstonecraft. Wamefanya vyema, na walichelewa.

Ila huku kwetu nimeona shtaka hilo likigeuzwa kuwa ruhusa ya kutosoma. Nimekaa kwenye vimbweta na wasomi vijana, wakali, wenye uchungu wa kweli na bara lao, wakiniambia kwamba Aristotle ni wa wazungu na alihalalisha utumwa, kwa hiyo hana la kutufundisha. Ninapowauliza alihalalishaje, kwa hoja gani, katika kitabu gani, wananyamaza. Uchungu wao ninao pia mimi. Nakataa tu kwamba ukimya huo ni ukombozi.

Tumtazame basi huyo Aristotle. Ni kweli, katika kitabu cha kwanza cha Siasa anadai kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, kwamba wanaelewa amri lakini hawana uwezo wa kupanga na kuamua wenyewe. Maneno hayo yameua watu. Mwaka 1550 na 1551, mjini Valladolid nchini Hispania, mwanachuoni Juan Ginés de Sepúlveda alimtumia Aristotle mbele ya baraza la mfalme kudai kwamba ilikuwa halali kuwapiga vita na kuwatawala wenyeji wa Amerika. Aliyempinga, padri Bartolomé de las Casas, alipambana naye kitabu kwa kitabu. Na Las Casas huyo naye aliwahi huko nyuma kupendekeza Waafrika wapelekwe Amerika kama watumwa, jambo alilokuja kulijutia katika maandishi yake. Historia yetu imo katika ubishi ule, tukitaka tusitake.

Lakini endelea kusoma. Kabla hata hajaanza kujenga hoja yake, Aristotle mwenyewe anaeleza kwamba wapo watu wa zama zake wanaosema kummiliki mwenzako ni kinyume cha maumbile, kwamba tofauti ya mtumwa na muungwana imewekwa na sheria tu, na kwamba kwa sababu imesimama juu ya nguvu, ni dhuluma. Yaani Ugiriki ileile, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, palikuwa na sauti iliyosema tunachosema sisi. Kisha anasema sentensi ya ajabu: kama vyombo vya kufumia vingefuma vyenyewe na zeze zikajipiga zenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Hebu tulia hapo. Mtu aliyetuambia utumwa umo katika maumbile amekiri, kwa kalamu yake, kwamba umo katika kazi ambayo bwana hataki kuifanya. Kurasa chache mbele anakubali kwamba maumbile mara nyingi hukosea, yakatoa watumwa wenye miili ya waungwana. Na katika kitabu cha saba anashauri kwamba watumwa wote waahidiwe uhuru kama malipo ya kazi yao. Kama ni watumwa kwa maumbile, uhuru wataufanyia nini? Anaahidi kueleza sababu baadaye. Haelezi.

Mwanafunzi anayeyaona haya kwa macho yake mwenyewe ameishika hoja ya mabwana pale inapovuja. Anaweza kuibomoa mbele ya yeyote, Dar es Salaam au Oxford, na hakuna atakayemwambia kwamba hajaielewa. Aliyeambiwa tu kwamba Aristotle alikuwa mbaya hana cha kushika mkononi.

Ndivyo ilivyo kwa wengine pia. John Locke, anayetajwa katika kila somo la demokrasia, alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika iliyosafirisha watumwa. Hegel aliwaambia wanafunzi wake wa Berlin kwamba Afrika haina historia. Sielewi kwa nini tuwafiche. Wawekwe mezani, wasomwe mpaka mwisho, waulizwe.

Tena, hiyo Magharibi yenyewe si nyumba yenye mlango mmoja. Augustine alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji uliopo leo nchini Algeria, na akafia Hippo, Algeria hiyohiyo. Alipoandika Maungamo, kitabu kinachosomwa Columbia kila mwaka, alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapea usiku wakiwa vijana, si kwa ajili ya kuyala, wakawatupia nguruwe, na jinsi alivyohangaika utu uzimani kuelewa kwa nini alifurahia uovu usio na faida. Ni kijana wa Afrika ya Kaskazini, na wizi wa matunda ambao kila mtoto wa kijijini anaujua. Kisha yuko Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, ambaye hakuipata Siasa ya Aristotle, kwa hiyo akaandika sharhe juu ya Jamhuri ya Plato. Wanafunzi wa Ulaya walimsoma Aristotle kwa mwanga wa sharhe zake kwa karne nyingi. Neno letu lenyewe, falsafa, lilizaliwa Ugiriki, likapitia Uarabuni, likashukia kwetu pwani.

Wasomi wa Nairobi mwaka 1968 waliliona jambo hili vizuri zaidi kuliko wengi wanaowataja leo. Waraka wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na wengi wanakumbuka hapo tu. Walichotaka ni kitovu kihame: Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ipewe heshima yake, halafu fasihi za kwingineko zitazamwe kutokea hapo. Shakespeare hakufukuzwa. Aliambiwa asogee. Nakubaliana nao kwa moyo wote, na naongeza kwamba mtu anayetazama kutokea kitovu chake bado anahitaji kuona, na macho ya kuonea vitabu ni kuvisoma.

Naye Mwalimu Nyerere, je? Akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 aliandika insha akichukua hoja za John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake na kuzipima katika maisha ya wanawake wa jamii yake. Hakumsujudia Mill wala hakumtupa. Alimpeleka kwao Butiama akaona anasema nini huko. Baadaye alikaa akatafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963 akiwa tayari ni rais, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatupa Makbeth, Tufani, na mwaka 1971 Mfalme Edipode wa Sophocles. Katika muda usiofika miaka kumi lugha yetu ilikuwa imewabeba Shakespeare na Wagiriki, na haikupasuka. Kazi ile ilifanywa na watu wenye shughuli nyingi kuliko sisi, wengine wakiwa na nchi nzima mabegani. Sisi tulio na idara za tafsiri na shahada za uzamivu tumeipungukia, na hili linaniumiza kuliko desa la kurasa nne.

Najua mhadhiri atanijibu nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Ana wanafunzi mia tano kwenye ukumbi mmoja. Maktaba ina nakala mbili, moja imepotea. Muhula ni wiki kumi na tano. Kiingereza cha wanafunzi ni kigumu, na Kiswahili cha falsafa hakijakaa sawa. Yote ni kweli, na aliyeyasababisha mara nyingi si yeye.

Lakini umaskini si sababu ya kuwapa watu muhtasari. Mwaka 1995 mwandishi Earl Shorris alianzisha jijini New York kozi ya bure kwa watu maskini, wengine wametoka gerezani, wengine hawana makazi ya kudumu. Aliwafundisha Plato, mashairi, historia ya sanaa na mantiki, kwa semina, vitabu vikiwa mkononi. Alisisitiza wapewe vilevile wanavyopewa watoto wa matajiri, na kozi hiyo ikasambaa katika miji mingi. Roosevelt Montás, mtoto mhamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, aliokota kitabu cha mazungumzo ya Socrates kwenye rundo la vitabu vilivyotupwa nje ya nyumba jijini New York. Akaja kusoma Columbia na kuyaongoza masomo hayo ya lazima niliyoyataja juu. Alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2021, na sikumwona mahali popote akishukuru kwa muhtasari.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wa mwaka wa kwanza kitu kimoja. Muhula ujao ondoeni desa moja, moja tu, na mahali pake wekeni kitabu cha kwanza cha Jamhuri, kurasa zisizofika hamsini katika chapa nyingi. Wagaweni hao mia tano katika makundi ya ishirini, wakae chini ya miembe, kwenye vimbweta, kwenye ngazi za maktaba, popote. Mmoja wao asome kwa sauti kwa Kiingereza, wazungumze kwa Kiswahili. Na anayedai jambo aonyeshe ukurasa. Kisha wekeni karibu yake kitabu cha Fanon, na utenzi mmoja wa zamani wa Kiswahili usomwe kwa utaratibu uleule na ukali uleule. Nakala si kikwazo: tafsiri ya Benjamin Jowett ni ya karne ya 19, hakimiliki yake ilikwisha zamani, na inapakuliwa bure kwenye simu ambayo wanafunzi wenu wanayo mfukoni.